Kidole Gumba cha Fundi Abedi

Kindu, 2 Shaaban 1314

Kwa dada yangu Hawa binti Sumaili, Kasongo

Dada yangu mpenzi, pokea salamu zangu, na za nyumba, na za mtaa mzima, na za mto wenyewe, ambao mwaka huu umejaa mpaka unagonga mizizi ya michikichi kule chini. Mimi ni mzima. Mbuzi wamezaa, paa nimeliezeka upya, na kazi ni nyingi kwelikweli, maana kila mwanamume wa Kindu anataka kofia mpya ya Idi na kila mmoja anataka ya kwake iwe na ua ambalo mwenzake hana. Ndiyo sababu nimechelewa kukuandikia, usininunie.

Habari kubwa ya hapa ni ya daktari mmoja Mzungu aliyeshuka mwezi uliopita. Watu wanamwita Daktari Michel. Ni mrefu, mwekundu, anaongea kingwana, Kiswahili chetu cha huku, cha kuokoteza na anapenda sana ndizi. Amekuja na sanduku la mbao lenye vikombe vya kioo kumi na viwili, ndani yake maji makali na vipande vya madini, na kutoka humo zinatoka nyuzi mbili za shaba. Anasema humo mna umeme, jamaa yake yule wa angani, lakini huu ni mpole. Kazi yake ni kusukuma dawa ipite kwenye ngozi. Hunywi kitu, huchomwi kitu. Anakuwekea kitambaa kilicholowa dawa, umeme unaisukuma ndani, na mahali pale panakufa ganzi kabisa hata ukikatwa husikii. Dawa yenyewe inatokana na majani ya mti wa nchi ya mbali sana. Mimi naliona jambo la ajabu, na nimeuliza watu wengi kama ni kweli, lakini hapa hakuna aliyewahi kujaribu.

Basi ni hayo tu. Wasalimie wote, na mashemeji.

Ndimi mdogo wako, Abedi


Kasongo, 12 Shaaban

Kwa Abedi bin Sumaili, Kindu, kama yupo

Abedi, barua imefika na nimeisoma mara nne. Ya kwanza nilifurahi. Ya pili nikaona mwandiko si wako. Herufi zako mimi nazijua, zimelala kama watu waliochoka, baba alikuchapa kwa sababu hiyo na hazikusimama. Hizi zimenyooka zote, na nukta ziko mahali pake. Ya tatu nikaingiwa na hofu. Ya nne nikalia, nakwambia wazi.

Jirani yangu hapa alikuwa akipata barua nzuri za mume wake kutoka Nyangwe, moja kila mwezi, mbuzi wamezaa, nyumba nzima. Kumbe mume alikwisha kuchukuliwa kubeba mizigo ya Serikali tangu kabla ya barua ya kwanza. Aliyekuwa akiandika ni shemeji yake, kwa huruma. Na wewe unaniambia mbuzi wamezaa!

Tena mtu mwenye kazi nyingi hawezi kupoteza nusu ya karatasi kunieleza sanduku la Mzungu. Wewe tangu lini ukauliza habari za kukatwa?

Sasa sikiliza. Kama u hai na uko Kindu, nijibu jambo moja ambalo hakuna shemeji wala jirani anayelijua. Siku ya tohara yako ulijificha wapi, na nani aliyekutoa? Usiponijibu sawasawa nitapanda mtumbwi nije mwenyewe, na maharusi wa mwezi huu watajipaka hina wenyewe.

Dada yako, Hawa


Kindu, 18 Shaaban

Kwa dada Hawa, mwenye kuniaibisha

Nilijificha ndani ya kapu la mpunga kwa Bibi Riziki, chini ya mpunga, nikiwa na unyasi wa kupumulia. Aliyenitoa ni wewe, kwa sababu nilipiga chafya. Umefurahi? Nimelazimika kulisema hili kwa sauti, mlangoni kwangu, mchana, kwa mtu anayeandika, na mtu huyo ameweka kalamu chini ili acheke vizuri. Wanafunzi wake wawili nao walikuwepo. Kufikia alasiri mtaa mzima utakuwa unalijua kapu la Bibi Riziki.

Anayeandika ni Bi Mwanvua, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa marehemu Mzee Feruzi. Anafundisha wasichana kusoma Kurani na mwandiko wake unauona mwenyewe. Nilimwomba aniandikie kwa sababu nimejichoma sindano kidogo kwenye kidole gumba cha kulia, jambo la kawaida kwa fundi wa kofia. Kitapona. Sijachukuliwa na mtu, sijabeba mzigo wa mtu.

Tulia, paka watu hina.

Abedi

(Karatasi ya pili, imekunjwa ndani ya ile ya kwanza)

Bi Hawa, as-salaam alaikum. Mimi ni Mwanvua. Naongeza haya bila yeye kujua, na Mungu anisamehe, lakini swali lako la kapu limenionyesha kwamba unampenda, na mtu anayempenda hafai kudanganywa.

Sindano haikumchoma kidogo. Ilikatika ndani. Ncha yake iko kwenye shina la kidole gumba tangu mwanzo wa Rajabu. Kiganja kimevimba, kidole hakikunjiki, na tangu siku ile hajashona kofia hata moja. Vitambaa vya kofia za watu vimelala kwenye sanduku. Daktari Michel ameutazama mkono mara mbili. Anasema ncha imekaa karibu na ukano, ile kamba inayokunja kidole. Ikiachwa, usaha utapanda na mkono utakatwa. Ikitolewa vibaya, ukano utakatika na kidole kitakufa. Kwa hiyo anataka Abedi awe macho, atulie kabisa, na akunje kidole kila anapoambiwa, ili kisu kijue ukano uko wapi. Dawa ya kulaza mtu haifai kwa hiyo. Sindano zake za tundu, zile za kutilia dawa mwilini, zilizama kwenye maporomoko mtumbwi ulipopinduka. Limebaki sanduku la umeme.

Amepanga siku ya kwanza ya Ramadhani. Abedi anacheka na kila mtu, kisha namwona ameukumbatia ule mkono kama mtoto mchanga. Mwombee.

Mwanvua binti Kitete


Kasongo, 28 Shaaban

Kwa Abedi

Mwongo mkubwa wewe. Kidogo! Jambo la kawaida! Ningekuwa karibu ningekupiga kwa mkono wangu mzima. Baba alikufa akiniambia nikutunze, na wewe unanitumia habari za mbuzi. Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja, na sijui lipi nilianze.

Usimgombeze Bi Mwanvua kwa kuniambia. Ukimgombeza nitajua.

Kuja siwezi. Nina bibi harusi hapa ambaye nimeshampaka mkono mmoja, na bado wanawake wa nyumba nzima wananisubiri kabla ya mwezi kuandama. Mkono wako utakuwa umekwisha kukatwa au kupona kabla mtumbwi wangu haujafika. Nitakuwa nimekaa hapa naomba dua, na hilo nalifanya vizuri kuliko unavyofikiri.

Kwa Bi Mwanvua

Mwenzangu, Mungu akujaze kheri. Andika kila kitu. Usichague maneno ya kunituliza. Nataka kujua alikula nini, alivaa nini, alikaa wapi, daktari alisema nini na kwa sauti gani. Mimi nikijua mambo madogo, makubwa nayavumilia.

Hawa


Kindu, 4 Ramadhani

Kwa dada yangu Hawa

Bi Mwanvua amenisomea amri yako, eti andika kila kitu, basi nasema kila kitu na yeye anaandika. Sijamgombeza. Nilijaribu, akaniangalia, nikaacha.

Kwanza nilimwuliza Mwalimu Zuberi, imamu wetu, kama umeme unafunguza mtu saumu. Alifikiri mpaka adhana ya pili. Akasema kinachopita kwenye ngozi bila jeraha si chakula wala kinywaji, na saumu yangu ni salama, ila nisirambe kile kitambaa. Hapo nikaona sina kisingizio tena.

Siku yenyewe nilijiandaa kama mtu. Nilioga, nikavaa kanzu nyeupe, nikajipaka mafuta ya kokwa za michikichi, mikono yote miwili, mara mbili, mpaka viganja vikang'aa. Unanijua, mimi na mikono mikavu iliyopauka hatupatani, na sikutaka Mzungu aseme waungwana wa Kindu hawajui kujitunza. Nikaenda hivyo, nanukia vizuri, moyo umekauka.

Daktari akanikalisha barazani kwake penye mwanga. Akaweka kitambaa chenye dawa kwenye shina la kidole, juu yake bamba la shaba lenye uzi mmoja. Uzi wa pili ulikwenda kwenye kitambaa cha maji ya chumvi, nikakishika kwa mkono wa kushoto. Sanduku lina kioo kidogo chenye mshale wa kuonyesha nguvu inayopita. Daktari aliuangalia mshale, mimi nikamwangalia daktari. Mshale ulilala pale pale kama mzee baada ya futari. Akaongeza vikombe. Ukatikisika kidogo, ukalala tena. Tulikaa muda wa mtu kwenda sokoni na kurudi. Kisha akanigusa na ncha ya kisu ili kujaribu, na dada, niliisikia mpaka kwenye meno. Niliruka. Meza ilianguka.

Akavua kitambaa, akafikiri, akasema: "Ngozi ya watu ya huku njo nguvu sana. Kuran haipiti. Ni ngozi, haiko kosa ya sanduku." Kuran ni umeme kwa lugha ya kwao, si Kitabu. Alisema kwa huzuni, si kwa ubaya, lakini alisema. Nami niliona aibu kwa ajili ya ngozi yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani.

Sasa ni hivi. Mtumbwi wake unaondoka kwenda chini ya mto tarehe ishirini na mbili. Tarehe kumi na tisa atanikata bila ganzi. Wanaume wanne watanishika. Anasema hawezi kuahidi kuhusu ukano, kwa sababu mtu anayeshikwa na wanne huwa anavuta. Mimi najijua, nitavuta. Sindano ndiyo lugha ya mkono huu, dada. Kofia naijua kwa kidole gumba, hata nikifumba macho. Nikikosa kidole hiki mimi ni mtu wa kuuza mihogo, na mihogo ni kitu kizuri, lakini si mimi.

Naogopa. Haya nimesema, na Bi Mwanvua ameandika.

Abedi


Kasongo, 13 Ramadhani

Kwa Bi Mwanvua binti Kitete, Kindu. Isomwe mara tu ifikapo, hata kama ni wakati wa kufuturu

Mwenzangu, kaa chini usome, kisha inuka haraka.

Huyo mdogo wangu ameniambia mwenyewe, kwa majivuno, kwamba alijipaka mafuta mara mbili. Niliposoma hapo nilipiga kelele mpaka watu wa jirani wakaja.

Mimi sijui umeme. Sijui kikombe cha kioo wala mshale. Lakini mwaka wa ishirini na mbili huu naingiza dawa ya rangi kwenye ngozi za watu, na nitakwambia kitu ambacho kila mpaka hina anakijua: mkono wenye mafuta haupokei. Alinijia bibi harusi kutoka Nyangwe, mama yake amempaka mafuta mpaka kwenye kiwiko ili apendeze. Niliyasugua nikaona yametoka, nikampaka hina. Asubuhi hina ikabanduka kama ukoko, na chini yake mkono uko vilevile, mabaka mawili matatu tu. Nililazimika kuanza upya na harusi ikachelewa, na mama yake akasema ngozi ya binti yake ndiyo mbaya. Ngozi haikuwa na kosa lolote! Mafuta yalifunga mlango.

Kama hina yangu, ambayo ni tope la maji, haiingii, basi dawa ya daktari ambayo ni maji matupu itaingia wapi? Kitambaa kilikuwa kimeketi juu ya mafuta. Maji na mafuta havijawahi kupatana hata sufuriani.

Fanya hivi. Siku mbili kabla, asiguse mafuta hata ya kupikia. Asipake, asipakwe. Aoshe mkono wote kwa maji ya moto na maji ya majivu yaliyochujwa, kisha asugue kwa ndimu, kisha sabuni kama daktari anayo, kisha maji safi. Afanye hivyo mara tatu. Utajua pako tayari ukidondosha tone la maji: likikaa duara, bado, likitandaa, ndiyo. Mkono wa kushoto nao, maana na huo alishika kitambaa. Aache ukauke wenyewe bila kufutwa na kanzu yake, kwa sababu kanzu yake nayo imejaa mafuta, namjua.

Atalalamika kwamba mkono unaonekana wa mchukuzi. Mwache alalamike.

Na huyo daktari mwambie. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Barua hii nimempa Anaclet, mpiga makasia wa misheni, ambaye anashuka leo hii. Nimemwapisha kwa dini yake na yangu. Siku tano, akiharakisha.

Hawa


Kindu, 20 Ramadhani

Kwa dada yangu Hawa

Mimi Mwanvua nakuita dada bila ruhusa, utaniambia kama nimekosea.

Anaclet alifika tarehe kumi na nane, mchana, akipiga makelele ya jina langu tangu mtoni. Siku mbili ulizosema hatukuwa nazo, tulikuwa na mchana mmoja na asubuhi moja. Nilimsomea Abedi barua yako yote. Nilipofikia habari ya bibi harusi wa Nyangwe akatazama viganja vyake, akasema, "Loo." Kisha akaanza kuosha. Majivu aliyachuja mwenyewe. Ndimu zangu zote zimekwisha. Tone la kwanza lilikaa duara, la pili nalo, la tatu likatandaa, na wanafunzi wangu walioshika kibuyu cha maji wakapiga vigelegele.

Asubuhi nilikwenda kwa Daktari Michel kabla Abedi hajafika. Niliogopa, sikufichi. Nilimweleza. Akatabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto. Akasema, "Mama, hina njo mambo ya wanawake. Hii njo science." Nikakumbuka ulivyosema, kwa adabu, lakini mwambie. Nikamjibu, "Bwana, pakaa mafuta ku mukono yako, tuone. Ngozi yako iko nyeupe. Kama mushale itapanda, mimi nitanyamaza."

Kisha akaagiza mafuta jikoni, yale yale ya kokwa za michikichi. Akaosha mkono wake mmoja, akaweka vitambaa na nyuzi, mshale ukapanda vizuri. Akapaka mafuta, akaweka tena. Mshale ukalala. Akaongeza vikombe. Ukatikisika, ukalala. Dada, aliutazama mkono wake mweupe unaong'aa. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. "Haiko ngozi," akasema. "Haiko ngozi hata kidogo. Mimi njo mupumbavu." Akachukua kitabu chake, akakata mstari juu ya jambo alilokuwa ameandika, akaandika jingine. Sikuuliza ni lipi. Nililijua.

Abedi alipokaa, mshale ulipanda mara ya kwanza tu. Alisema anasikia kama sisimizi wanatembea, kisha kama mkono ni wa mtu mwingine. Tulingoja. Daktari akamchoma na ncha ya kisu, mimi nikafumba macho, na Abedi akauliza, "Utaanza saa ngapi?" Daktari akamwambia ameshaanza.

Wanaume wanne waliokuja kumshika walikaa ukutani wakitoa macho. Mengine anataka kuyasema mwenyewe, kwa hiyo namwandikia:

Dada, niliona ndani ya mkono wangu. Alikuwa akisema "kunja", nakunja, "nyosha", nanyosha, na mle ndani mlikuwa na uzi mweupe unaokwenda na kurudi. Uzi, dada! Laini, umesokotwa vizuri kuliko wowote niliowahi kununua. Kumbe miaka yote nimeshona kwa uzi na nyuma yake kuna uzi mwingine unaonishona mimi. Nililia kwa ajili hiyo, si kwa maumivu, maumivu hayakuwepo mpaka alipokwenda kina na kidogo nikasikia, akadondosha dawa ndani ya jeraha, yakaisha. Ncha ya sindano ni nyeusi, ndogo kama punje ya mchele. Ukano haukuguswa. Kidole kinakunjika. Kinauma leo, na kinakunjika.

Sijui nikushukuru vipi. Nikuite daktari?

Ni mimi tena, Mwanvua. Jeraha ni safi. Daktari anaondoka keshokutwa na ameacha maelekezo. Nyuzi alizomshonea jeraha zitolewe baada ya siku kumi, na baada ya hapo anaweza kushika sindano na kalamu kidogo kidogo.

Kwa hiyo huenda hii ikawa barua yangu ya mwisho kwako, maana mwenye mkono wake ataandika mwenyewe. Mjomba wangu wa mji wa Tunda ananiita nikafundishe wasichana wa huko, na nimemkubalia. Nitaondoka Kindu tarehe ishirini ya Mfunguo Mosi, mwezi ujao. Ni vizuri, huko wananihitaji. Nimefurahi sana kukujua kwa karatasi. Kila nilipoona mtumbwi kutoka juu nilitazama kama una barua yako, na nitaendelea kutazama kwa muda, kwa mazoea.

Mwanvua


Kindu, 2 Mfunguo Mosi 1314

Kwa dada yangu Hawa

Herufi hizi zilizolala ni zangu. Jana ilikuwa Idi. Nyuzi za daktari nilizitoa mwenyewe kwa kisu changu cha kazi, na nikwambie kweli, mishono yake ni mibaya, ningekuwa na mwanafunzi anayeshona hivyo ningemfukuza. Lakini kidole kizima. Leo asubuhi nimeshona ua moja kwenye kofia ya Mwalimu Zuberi, polepole, na likatoka lilivyotakiwa kutoka. Nilikaa nikaliangalia mpaka chai ikapoa. Nimefurahi, dada, nimefurahi mpaka sijui pa kuiweka furaha.

Sasa jambo la barua hii. Tangu Shaaban kila neno nililokuambia limepita kwa Bi Mwanvua. Uongo wangu ameuandika, kapu la Bibi Riziki ameliandika, hofu yangu ameiandika. Neno moja tu sikuweza kulipitisha kwake, kwa sababu linamhusu yeye.

Kila alasiri alikaa mlangoni kwangu na wanafunzi wake, akachovya kalamu, akasema, "Haya, sema." Nami nasahau nilichotaka kusema. Siku nyingine sikuwa na cha kukuandikia, nikamwita hivyo hivyo, nikasema tusubiri kidogo labda nitakumbuka. Barua ile ya kwanza, ya mbuzi, ilichukua alasiri tatu. Nilipokuwa nikimwomba Mungu anirudishie mkono nilidhani ni kwa ajili ya kofia.

Sasa mkono umepona na yeye hana sababu ya kuja. Jana alipita kunipa mkono wa Idi kutoka uani, akasema, "Sasa utaandika mwenyewe, alhamdulillahi," akaingia ndani kwake. Ameanza kufunga vitabu.

Anaondoka tarehe ishirini. Barua hii ikipanda mto kwa siku tisa itakufikia tarehe kumi na moja. Ukishuka siku hiyo hiyo utakuwa hapa kumi na sita. Posa haipelekwi na mwanamume mwenyewe, na mimi katika dunia hii sina mzee wala shangazi, nina wewe tu. Yeye hajui lolote. Sijui kama atakubali. Ni mjane mwenye akili zake, na mimi amenisikia nikisema mambo yote ambayo mwanamume huyaficha.

Akikataa nitabaki na mkono mzima, nitashona, nitashukuru. Lakini nataka anikatae mimi, dada. Sitaki aende Tunda kwa sababu hakuna mtu aliyemwuliza.

Njoo.

Abedi, kwa mkono wake